Shimo la Muhanga

Kaeni vizuri, maana hii hakuna anayeisimulia kunizidi. Wanyama walichoka kupigana, wakaapa: vita marufuku, na atakayenyang'anya shimo asiitwe mwenye shimo. Ngiri, mbabe wao, ndiye aliyeapa kwa sauti kubwa kuliko wote. Wiki haikuisha, akamfurusha Muhanga na mwanawe shimoni kwao, mvua za masika zikinyemelea.

"Nilikuwa najilinda tu," akasema.

"Ukijilinda na nani? Na Muhanga, mla mchwa huyu?" Nyegere akacheka.

Wengi wakanong'ona kwamba kiapo kimekufa. Wapi! Kesho yake Nyegere akapita pale shimoni. "Hodi, Muhanga!"

"Hayupo. Mwenye shimo ni mimi."

"Haya, nitarudi akija mwenyewe."

Kila jirani akafanya hivyo hivyo. Ngiri akaenda kuposa, wazazi wa binti wakamjibu, "Mwanetu hatumwozi kwenye shimo la wenyewe, baba."

Hapo jamaa akalihama shimo mbio, mkia juu, bila kupigwa hata kofi.

Muhanga akaingia na mwanawe, matone ya kwanza yakiwalowesha migongo. "Ahsanteni, jamani," akawaambia majirani. "Zamani, kabla ya kiapo, mngekuwa mmeshamzoea Ngiri humu."