Watu Mashuhuri wa Bwana Garrick

Nyuma ya ofisi ya wilaya pale Lushoto, karani Timotheo alikuwa akimfunga mzee Sheshe tai. Mzee alilalamika kwamba anakabwa. Timotheo akamwambia anyamaze, mwinjilisti hakabwi na tai.

Wiki iliyotangulia mzee huyohuyo aliingia ofisini humo akiwa mganga wa mvua wa Mtae, na ngozi ya mbega mabegani. Kabla ya hapo alikuwa askari wa Mjerumani, ndani ya koti la kaki lililoazimwa kwa fundi cherehani wa Soni.

Mambo yalianza hivi. Bwana Garrick, DC mpya, alisikia kuwa Gavana atapanda Lushoto kupumzika, akataka amsomee maisha ya watu mashuhuri wa milima ya Usambara, kila mmoja kwa ufupi. Watu walimtajia sifa tu, bila majina. Kuna mganga wa mvua huko Mtae. Kuna askari aliyepigana Tanga upande wa Mjerumani. Kuna mwinjilisti aliyefukuzwa misheni. Timotheo akatumwa awatafute.

Timotheo alikuwa mtu wa Tanga. Aliichukia baridi, aliichukia miinuko, na Kishambaa hakukijua hata cha kuombea maji. Masika yalikuwa yameigeuza njia ya Mtae kuwa uji. Basi akateremkia Soni, upande mwingine kabisa, akakuta mjane mmoja aitwaye Halima anapika vizuri, na safari ikaishia hapo. Muda wa kurudi ulipofika, hana hata mtu mmoja mashuhuri, akaona kazi yake inaota mbawa. Ndipo alipomwona Sheshe, mzee mvivu aliyeshinda gulioni akingoja kukaribishwa chakula. Wakapatana: mzee ataigiza, Timotheo atamlisha nyama.

Shida ni kwamba mzee hakuyashika maneno aliyofundishwa. Alipokuwa askari, ilikuwa aseme alisimama imara mbele ya risasi. Badala yake alimweleza Bwana Garrick jinsi nyuki walivyowatawanya vitani, akakimbia ovyo mpaka akajikuta katikati ya adui, nao adui walikuwa wanakimbia, basi wakakimbia pamoja. Alipokuwa mganga, alisema aliwahi kuifunga mvua msimu mzima kwa sababu jumbe aliicheka pua yake. Bwana Garrick aliandika yote bila kuinua macho.

Walipotoka nje, Timotheo alimkaripia.

"Nilikwambia useme ulikuwa shujaa."

"Nani alikuwepo vitani," mzee akauliza, "mimi au wewe?"

Timotheo akaona mzee sasa amelewa sifa za bure.

Siku hiyo ya tai, mzee alisimulia alivyofukuzwa misheni kwa kumpa beberu wake jina la mchungaji. Kila beberu alipofanya mambo ya mabeberu, yeye alimkemea kwa jina, kwa sauti, na waumini wakiwa njiani kwenda ibadani. Bwana Garrick alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Halafu akaweka kalamu chini, akasema kwamba Gavana bila shaka angependa na picha. Kesho yake wangekwenda wenyewe Mtae, wakampige picha yule mganga wa mvua nyumbani kwake. Na mwinjilisti afuatane nao, kwani ni mtu wa kuchangamsha safari.

Kesho yake Timotheo alitoka jasho njia nzima, kwenye baridi ile. Waliposhuka kuisukuma Landrova topeni, alimvuta mzee pembeni, akamsihi. Wakifika, aseme mganga amefariki juzi, amezikwa, basi. Vinginevyo wote wawili wataishia jela.

Mzee akarudi garini. Tangu asubuhi hakuchangamsha safari ya mtu yeyote. Nyama aliyofungiwa na Halima hakuigusa, na kila walivyozidi kupanda ndivyo alivyozidi kujikunyata kwenye kiti. Timotheo akadhani ni hofu ya jela, kwa kuwa hata yeye alikuwa nayo.

Mtae, watu walitoka majumbani kutazama gari, wamejifunika majani ya migomba vichwani. Mvua ilikuwa ikinyesha kama ilivyonyesha jana na juzi. Bwana Garrick alishuka na kamera yake, akauliza kwa Kiswahili chake cha kitabuni nyumba ya mganga wa mvua ni ipi.

Kabla mtu hajajibu, Timotheo akavua kofia. Akatangaza kwa masikitiko makubwa kwamba wamechelewa, mganga ameshafariki.

Watu wakatazamana. Bibi mmoja mwenye jembe begani, jina lake Mwanamisi, akasogea mbele na kumuuliza ni nani aliyempa habari hiyo.

Timotheo akageuka ili mwinjilisti athibitishe. Mwinjilisti hakuwa amesimama nyuma yake. Alikuwa bado garini, amejibanza sakafuni, kichwa chini ya kiti.

Bibi Mwanamisi aliliendea gari, akafungua mlango, akamtazama mzee kuanzia viatu mpaka kwenye tai.

"Kwanza ulinikimbia ukaenda kwa Wajerumani," akasema. "Uliporudi ukakimbilia kwa watu wa misheni. Leo umeletwa na Mwingereza. Haya shuka, mume wangu, uifunge hii mvua, maharage yanaoza."