Walionyakuliwa Alhamisi

Gurudumu la cherehani lilikuwa bado linazunguka, na kiti cha fundi kilikuwa kitupu.

Mama Tarumbeta alisimama kizingitini, Biblia kwapani, akalitazama mpaka likasimama lenyewe. Sindano ilikuwa imekwama katikati ya mshono wa koti jeusi, pana mabegani. Kandambili za Fundi zilikuwa pale chini, moja mbele ya nyingine, kama za mtu aliyepaa akiwa mwendoni.

"Hodi tena," alisema.

Akatoka uani. Kwa Mwalimu mstaafu mlango wazi, redio inasoma habari, gazeti liko sakafuni na miwani juu yake. Na Mwalimu bila miwani hatofautishi mlango na ukuta. Kwa Nesi mlango wazi vilevile, pasi imeachwa wima, bado ya moto. Bombani ndoo ilikuwa inafurika na hakuna wa kuifungia maji.

Hapo ndipo baridi ilipompanda kutoka nyayoni. Neno lilimjia, neno ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelihubiri katika ua huo miaka kumi na miwili: unyakuo. Ile siku ambayo watakatifu watachukuliwa juu ghafla, waache kila kitu kama kilivyo.

Shida ni kwamba waliochukuliwa sio aliowatarajia.

Maana yeye alikuwa na orodha yake. Kwa mafundisho ya kanisa lake, haendi mtu mbinguni asipobatizwa ukubwani, azamishwe mwili mzima, tena kwenye maji yanayotembea. Waliotimiza hayo mtaani walikuwa arobaini na mmoja, mchungaji akiwemo. Mwalimu alikuwa Mkatoliki, amebatizwa mchanga kwa maji ya kikombe, na alikuwa akisema kwa utulivu kwamba atapitia toharani kwanza, hana haraka. Fundi alikuwa Mlutheri, aliyeshikilia kwamba wokovu ni neema tupu, kwa hiyo hata yeye na makosa yake yumo. Nesi alikuwa Msabato. Huyo alizamishwa, haya, lakini alisema wafu wanalala tu wakingoja ufufuo, tena ibada ni Jumamosi, basi Mama Tarumbeta akamkata jina.

Kila Alhamisi saa kumi alasiri aliwatokea kutoka mtaa wa pili, na wimbo wake ulikuwa ukifika kabla yake, tangu kona ya barabara. Saa nzima kwa kila mlango, wakati mwingine mbili. Sio kwamba watu walikuwa wakaidi, hapana. Ila Shetani ana bidii sana siku za Alhamisi: mara huyu kichwa kinamgonga, mara yule ameitwa kazini ghafla, mara mwingine amefiwa na shangazi yule yule wa mwezi uliopita.

Akarudi chumbani kwa Fundi. Mezani palikuwa na vikombe vinne vya chai, vyote vinafuka mvuke. Vinne, na wapangaji ni watatu. Akawaza, akawazua, akapata jibu: cha nne ni cha malaika aliyetumwa kuwachukua. Na malaika alikuwa ameshamega biskuti.

"Na mimi je?" aliuliza, na sauti ile iliyompa jina ilitoka nyembamba kama uzi.

Akaanguka magotini, viwiko juu ya kitanda cha Fundi, kitanda kipana chenye shuka linaloburuta mpaka sakafuni. Akalia kilio cha kweli, kilio cha kamasi.

"Bwana, Mwalimu nilimwambia ataungua. Mzee wa watu, kanifundishia watoto wangu wote watano. Nesi nikamwambia mikono yake haina baraka, na siku nilipoanguka kwa presha ni mikono hiyo hiyo iliyonikimbiza hospitali. Na huyu Fundi, Bwana, wewe unajua. Nilimwombea cherehani yake iharibike ili apate nafasi ya kunisikiliza. Nayo ikaharibika. Mara mbili."

Alijifuta kwa ncha ya kilemba. Kuachwa kulimuuma, lakini kilichomuuma zaidi, jamani, ni kwamba aliwapenda. Aliwapenda kwa namna yake, kwa saa nzima nzima.

"Mmekwenda wote," alisema. "Sasa Alhamisi nitamwendea nani?"

Mahali fulani mtu alimeza mate. Pengine alikuwa yeye mwenyewe.

Ndipo akili ilipomrudia kidogo. Mchungaji. Kama yupo mtu mmoja duniani asiyeweza kuachwa, ni mchungaji wake, yule bwana mnene mpole aliyemzamisha mtoni kwa mikono yake mwenyewe. Siku hizi alikuwa adimu kumpata, mikutano imemzidi, ila simu ya dharura hawezi kuikataa. Akipokea, hakuna unyakuo, na haya mengine yatajieleza. Asipopokea, yamekwisha. Amebaki yeye na Shetani, na Shetani naye sio mtu wa kuhubiriwa.

Akatoa simu, akabonyeza jina, akaiweka sikioni na kufumba macho.

Ikaita. Akafumbua macho. Ilikuwa ikiita mahali pawili: sikioni mwake, na uvunguni mwa kitanda, chini kabisa ya viwiko vyake, ambako kwaya ya kanisa lao ilikuwa ikiimba kwa furaha.

"Izime, Mchungaji," sauti ya Mwalimu ikanong'ona kule chini, "atajua tupo."