Mama Zuhura Agoma Kutetemeka

Kila mwisho wa mwezi, sheria inatutaka tulale kwenye mikeka ya ukumbi wa mtaa, tutetemeke pamoja mpaka kipimo cha huzuni kifuani kisome sifuri. Mwezi uliopita Baba Zuhura alitetemeka hadi msiba wa binti yake ukamtoka wote. Alirudi nyumbani akipiga mluzi, na tangu siku hiyo humwita mkewe Rukaya.

Leo mkewe alikaza mabega. Kipimo kikagota tisini.

"Legeza, mama," mwelekezi alimsihi. "Hutoki hapa na uzito huo."

"Basi niletee shuka na mto."

Wanawake wakacheka kwenye mikeka yao.

"Rukaya, usinitie aibu!" mumewe aliita kutoka mlangoni. "Mbona mimi nimepona?"

"Umepona? Miaka tisa yote ulikuwa unaniitaje?"

Mumewe akafungua mdomo, akafikiri, akamtazama mwelekezi kama anayeomba msaada. Kicheko kikakatika.

"Mimi ni Mama Zuhura," mwanamke alisema, mikono kifuani. "Na huyu simtoi."

Kwenye mkeka wa jirani, Mama Shani aliacha kutetemeka, akabana pumzi. Kisha mwingine. Ukumbini vipimo vikaanza kupanda, kimoja baada ya kingine.