Kilichoikaba Pampu

"Kiri tu, uondoke," msimamizi alimwambia Mama Pacha mbele ya wenzake wote. "Pampu imekabwa na hereni yako."

Mama Pacha akashika sikio. Kweli, hereni moja haipo. Jana alisahau kuzivua kabla ya kuingia kazini, na hajui ilidondokea wapi. Kazi hii ya kuosha mitambo ya mtindi ndiyo inayowalisha pacha wake. Baba yao alishaingia mitini zamani.

Pampu yenyewe ilikuwa mpya, ya chuma kisichoshika kutu, inayojivutia maziwa yenyewe bila kubembelezwa na mtu. Jana asubuhi msimamizi alikuwa ameinamia tangi la maziwa lililo wazi, akiwafokea wanawake kuhusu usafi mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Punde si punde pampu ikakoroma, kra-kra-kra, ikanyamaza.

Na usafi wa bwana huyo, loo! Tangu hapo akavaa barakoa, asiivue hata wakati wa chai. Na madaha juu yake: "usafi" sasa eti "uthafi," utadhani kasomea ng'ambo. Mtu mwenyewe hata pasipoti hana!

"Ifunguliwe basi, tuione hiyo hereni," Mama Pacha akasema.

"Ya nini? Mkothaji tunamjua!"

"Unamjua wewe. Fundi, fungua. Ikiwa yangu, naondoka na sigeuki nyuma."

Alisema hivyo kwa kiburi. Lakini moyoni akawaza atawaambia nini wanawe jioni.

Pampu za namna hii hazitaki hata spana, maana zimeundwa zioshwe kila siku. Fundi akazungusha vishikio kwa mkono, mfuniko ukatoka. Wanawake wakasogea. Msimamizi, aliyekuwa mbele muda wote akinyoosha kidole, sasa alikuwa kajibanza mlangoni, eti anapunga upepo.

Fundi akaingiza mkono, akapapasa, akatoa kitu kilichogandwa na mtindi. Akakisuuza, akakiweka kiganjani.

Meno manne ya mbele, meupe pe, kwenye ufizi wa plastiki.

Mama Pacha akayatazama, kisha akashika tena sikio lake tupu.

"Hereni yangu mimi," akasema, "haitafuni."

Kiwanda kizima kikaangua kicheko, meno nje, isipokuwa mwenye barakoa.