Jaketi ya Fainali

"Hiyo jaketi," mgeni akasema, nyama bado iko mdomoni. "Nataka hiyo."

Mutwiri akadhani ni mchezo, akacheka. Akajikuta anacheka peke yake.

Mgeni alikuwa ametokea huko chini Tharaka, kwa jua kali na mtama, asubuhi hiyo, vumbi mpaka kwa kope. Na baba yake Mutwiri, Mzee Hezekiah, mtu ambaye Krismasi anachinja kuku mmoja akilalamika, alikuwa amemchinjia mbuzi mzima bila hata kuulizwa.

"Baba, si unajua hii ni ya fainali?"

Ilikuwa jaketi ya mtumba, ya maroon. Mgongoni fundi wa sokoni alikuwa amemshonea jina la kwao kwa herufi kubwa nyeupe: MUTHARA. Jumapili dadake, Kathambi, angeimba fainali ya mashindano ya kuimba kwa TV. Mutwiri alikuwa ameshamtumia picha ya hiyo jaketi, na kutangazia kila mtu sokoni kwamba siku moja Kenya nzima itaiona.

"Vua," Mzee Hezekiah akasema.

"Lakini baba..."

"Huyu ni gichiaro. Ukoo wao na wetu walikula kiapo kabla babu yangu azaliwe. Gichiaro akiomba, unatoa. Akitaka ng'ombe, unafungua kamba. Ukimnyima, laana haichagui nani alisema hapana. Vua!"

Mutwiri akavua. Mgeni akaivaa palepale, na ikamkaa vizuri kumliko yeye. Hiyo ndiyo ilimuuma zaidi.

"Asante, kijana wangu." Mgeni akapangusa mdomo, akageukia wazee wa ukoo waliokuwa wameitwa. "Sasa hicho kingine kilichonileta."

"Mutwiri, nenda uchote maji," baba yake akasema haraka.

"Mtungi umejaa."

"Umwage, halafu uende uchote."

Akienda, alisikia baba yake akiomba msamaha nyuma: "Huyu mdomo wake hauna kitasa." Njiani kote aliwaza ni ng'ombe gani ataenda. Aliporudi mgeni alikuwa ameondoka, na ng'ombe wote walikuwa zizini. Akamshukuru Mungu.

Na usidhani Muthara ilikuwa inacheza na haya mashindano. Kathambi alikuwa anafundisha watoto wa nasari, na ni Mutwiri alimsukuma aache kazi aende Nairobi kuimba. "Enda tu," alimwambia. "Sisi tuko nyuma yako." Na kweli walikuwa. Pasta alikuwa anakumbusha watu kupiga kura kabla ya sadaka. Vijana wa miraa walikuwa wanatuma meseji wakiwa juu ya mti. Kila Jumapili jioni hoteli ya Misheck ilikuwa inajaa, simu zote hewani, kila mtu akionyesha jirani yake: nimetuma, wewe je?

Sasa walikuwa wamebaki wawili, Kathambi na kijana mmoja anaitwa Mugendi. Chini ya jina lake TV ilikuwa inaandika Embu, kwa sababu huko ndiko anaendesha boda. Nyimbo zake zilikuwa za jua kali na kuwinga ndege kwa shamba la mtama.

"Mtama gani Embu mjini?" Mutwiri alikuwa anauliza watu. "Huyo hana kwao!"

Jumapili ikafika. Kathambi akapiga simu kabla tu ya kupanda jukwaani, sauti imekuwa nyembamba kama ya mtoto.

"Mutwiri, watu wamekuja?"

"Wamejaa mpaka kwa mlango."

"Na wako na mimi?"

"Muthara yote. Wewe imba."

Akaimba. Aliimba kwa Kimeru, wimbo wa kubembeleza mtoto, na Misheck mwenyewe akasahau chai kwa jiko mpaka ikamwagika. Ikaja saa ya kura. Watu wakainama kwa simu zao, kimya kama wako kwa maombi.

"Misheck, umetuma?" Mutwiri akauliza.

"Nimetuma."

"Wacha nione."

"Ala!" Misheck akafunika simu na aproni. "Wewe ni bibi yangu, unichunguze simu?"

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kukohoa. Karibu na mlango, mama yake Mutwiri alikuwa ameshaanza kulia ndani ya leso. Akaenda akamkumbatia.

"Mama, ngoja tushinde kwanza. Utalia vizuri."

Mama hakuinua uso.

Mtangazaji akasema tofauti ilikuwa ndogo sana. Akafungua bahasha. Mshindi ni Mugendi.

Mutwiri akajipata amesimama juu ya benchi. "Tumeibiwa! Baite, watu wangu, si mseme kitu! Hawa watu wa Embu wametuibia mchana kweupe!"

Hawa watu wa Muthara, ambao refa akikosea huko Ulaya wanataka kuvunja TV ya Misheck, walikuwa wanaangalia viatu vyao. Pasta alikuwa anakoroga chai ambayo ilikuwa imeisha.

"Shuka, kijana wangu," Mzee Hezekiah akasema. Hakuwa na hasira. Hiyo sauti Mutwiri alikuwa ameisikia tu kwa matanga.

Kwa TV, Kathambi alikuwa amesimama pembeni akipiga makofi, akijaribu kutabasamu. Mtangazaji akaita baba ya mshindi apande jukwaani.

Mzee mmoja akapanda ngazi polepole, akafungua mikono, akamkumbatia kijana wake, mgongo ukaelekea kamera. Jaketi ilikuwa ya maroon. Kathambi akageuza kichwa, akasoma pamoja na Kenya nzima: MUTHARA.