Fungua kwa Kutumia Nini?

Kila alipoligonga faili mara mbili, kompyuta ilimuuliza swali lilelile: unataka kufungua faili hili kwa kutumia nini? Mshonaji angejuaje? Maisha yake yote alifungua vitu kwa ufunguo, na ufunguo ukipotea, kwa meno.

Mafaili yenyewe yalikuwa mia na ushee, yote yana sura ya karatasi nyeupe, tupu, hata alama ya kalamu hakuna. Binti yake aliyeolewa mbali alishamwambia kwenye simu ayaache. Ni takataka za kazini kwa baba, alisema, zimeharibika zamani.

Mshonaji hakuona takataka. Mumewe alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni kwa miaka thelathini na mmoja, na miaka ya mwisho alikuwa akirekodi matangazo yake kwenye kompyuta. Mtu gani anatunza takataka mia nzima? Ile ilikuwa sauti yake. Na sauti hiyo haikuwa imesikika ndani ya nyumba tangu kiharusi kimpige, mwaka wa tatu sasa.

Mguu ulirudi. Mkono nao ulirudi, akaweza kuandika kwa chaki kwenye kibao alichokivaa shingoni. Ulimi ndio uliogoma. Daktari alimchungulia koo, akatikisa kichwa, akasema yeye haoni kinachozuia. Basi mshonaji akafunga duka, akauza cherehani mbili kati ya tatu, akawa ndiye mdomo wa mumewe: sokoni, hospitalini, kwa majirani. Kila Jumapili binti alipiga simu, na swali lake la kwanza halikubadilika: baba ameanza kusema?

Zamani yeye na mumewe walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Huyu neno moja, yule mawili, mpaka paka anaomba njia. Siku hizi mshonaji aliwatania majirani kwamba mwanamume anayetaka kupendwa afunge mdomo, maana miaka mitatu hawajagombana hata kwa kijiko.

Walicheka, naye alicheka. Ila jambo moja lilimnyima raha: alikuwa ameanza kuisahau ile sauti. Akiitafuta kichwani huku anaosha vyombo, inamjia ya mtu mwingine. Na muuguzi wa mazoezi alikuwa amemwambia kwamba wapo wagonjwa ambao ulimi hufunguka wakisikia sauti yao wenyewe. Neno hilo lilimkaa moyoni kama pini iliyosahauliwa kwenye pindo.

Akangoja mumewe aende kwa kinyozi. Mzee hakutaka kompyuta yake iguswe; siku alipomkuta mkewe akiifuta vumbi, aliandika kibaoni USIGUSE, akashinda na neno hilo kifuani mpaka jua linazama, kama geti la nyumba yenye mbwa mkali.

Fundi wa kompyuta akaja, mtu mnene mwenye miwani, mwingi wa maneno. Alikaa dirishani, chini ya pazia la njano ambalo mshonaji alilishona kwa cherehani iliyobaki na kulitundika juzi.

"Linang'aa hili, mama."

"Mzee kalipenda," alisema kwa fahari. Mumewe alikuwa amemwandikia kibaoni ZURI SANA, na chini yake akapiga mstari.

Fundi akabonyeza huku, akabonyeza kule, akakuna shingo. Kompyuta ilikuwa nzima, alisema. Hata programu ya kupigia sauti ilikuwemo.

"Ila imetengwa. Kuna mtu kaiambia isiyafungue haya."

"Nani tena, fundi? Labda mimi na vidole vyangu vya sindano."

Fundi akaguna tu. Akamwonyesha taratibu: bonyeza upande wa kulia, nenda penye "fungua kwa kutumia", chagua hii hapa, halafu weka alama palipoandikwa "daima". Bila daima, alisema, kesho itamuuliza upya kana kwamba haijawahi kumwona.

"Daima," mshonaji alirudia, akaiweka alama kwa mkono wake.

Karatasi zote nyeupe zikabadilika kwa pamoja. Kila moja ikavaa alama ya muziki, mia na ushee, kioo kizima. Fundi akamuuliza waanze na lipi. Akachagua la mwisho kabisa, la chini. Hapo, aliona, mzee atakuwa keshaizoea kazi yake.

Sauti ikatoka. Nzito, tulivu, kila neno limenyooka kama limepigwa pasi. Fundi akajipiga paja akicheka.

"Mama, si ndiyo hii iliyokuwa ikitudanganya kwamba treni inakaribia?"

Mshonaji alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili, machozi yanampita katikati ya vidole. Hata maneno hakuyasikia mwanzoni. Alilisikiliza koo, ule mkwaruzo mdogo mwishoni mwa pumzi, akajiuliza aliwezaje kuusahau. Akaegemea karibu zaidi. Akaongeza sauti.

"...huku hatujambo, mwanangu," alikuwa akisema mumewe. "Mama yako katundika pazia la njano sebuleni, utadhani hema la mnada. Akaniuliza, nikamwandikia zuri sana. Basi Jumapili ukipiga, fanya kama siku zote. Muulize kama nimeanza kusema."