Ukurasa Uliochagua Simu

Haya, nakutegea: nyumba ni moja, lakini mgeni wa kwanza kakuta mlango umezama, wa pili kakuta sebule imejaa vitunguu, wa tatu hakuona nyumba kabisa. Umeshindwa? Nipe mji basi, nachukua Karatu.

Ni ukurasa wa mtandaoni aliotengeneza Kauthar, wa kuuzia vitunguu vya wakulima wa Mang'ola.

"Kitufe cha kuagiza kimezama, dada," alisema Noel, muongoza watalii, akiwa na aifoni yake kwenye kibaraza cha chapati cha Bibi Hamisa. "Nibonyeze wapi, hewani?"

"Kwangu picha zimekalia bei," alisema Luqman wa lori. Yake ilikuwa Android.

Naye Mama Eliapenda, mwenyekiti wa wakulima, simu yake ya zamani ilionyesha weupe mtupu, kama ukungu wa kreta. "Mwanangu, ukurasa unaochagua simu hatuutaki. Ijumaa tunaamua. Ukishindwa, kazi tunampa yule fundi wa Arusha."

Walipoondoka, Kauthar aliandika tena, akitamka kila neno kama alivyozoea tangu darasa la kwanza. Akitengeneza kwa aifoni, kwa Android kunaharibika. Mwisho akafunga kompyuta, machozi yakimlengalenga. Ilikuwa kazi yake ya kwanza.

"Mbona kwangu unafunguka?" alisema bibi yake kutoka kwenye kikaango, simu ameikumbatia ndani ya kanga.

"Wewe Bibi! Simu kuukuu hiyo?"

Bibi Hamisa, bila hata kutafuta miwani, akasoma: "Vitunguu vyekundu vya Mang'ola. Vimekauka vizuri. Piga namba hii, lete lori." Neno kwa neno.

"Na picha?"

"Picha sizioni. Maneno tu, yamenyooka."

Kauthar alitamani kuiona, lakini nani ampokonye bibi yake simu mkononi? "Ni aina gani hiyo, Bibi?"

Bibi akageuza chapati. "Chomeka kompyuta yako, umeme usije ukakatika. Yangu haina haja ya chaji."

Kauthar akawaza: kama kwa Bibi yanapita maneno tu, basi maneno yatangulie. Akang'oa picha zinazoteleza na vitufe vinavyocheza. Akabakiza maneno, namba, na kitunguu kimoja kidogo chini kabisa.

Ijumaa, kule Mang'ola, simu zikatolewa mifukoni na kwenye kanga. Kwenye aifoni ukurasa ukafunguka. Kwenye Android ukafunguka. Mama Eliapenda akainua yake juu. "Jamani, hata hii! Kazi ni yako, binti!" Vigelegele vikapigwa.

Kauthar alirudi mbio akamkumbatia bibi yake hadi unga ukamwagika. "Simu yako ndiyo imeniokoa! Leo sikuachii: ni aina gani?"

Bibi Hamisa akaitoa kwenye kanga, akamwekea kiganjani. Kioo kilikuwa cheusi, baridi.

"Sijui hata aina yake, mjukuu wangu. Haijawaka tangu Idi. Ila wewe ukiandika, unasoma kwa sauti."